Shimo la Upana wa Kisahani: Kulenga Chuma Kilichofukiwa

Asubuhi baada ya Iddi, ufuo wa Bamburi, Mombasa, huwa na mashimo ya wenye ditekta za chuma, zile mashine zinazolia juu ya chuma kilichofukiwa. Karai zima la mchanga limetupwa kando, shimo linafika magotini, na kilichotolewa humo ni kizibo cha soda. Kizibo chenyewe si kosa la mtu, maana ditekta yoyote ya chuma itakipigia kelele. Kosa ni ukubwa wa lile shimo. Kitu chenye upana wa sarafu kinataka shimo lenye upana wa kisahani cha chai, basi. Anayechimba karai zima kachimba hivyo kwa kuwa mlio aliusikia, lakini kitovu cha mlio hakukijua.

Nakuandikia wewe ambaye mashine unayo tayari, unajua kuiwasha na kuisikiliza, ila kila ukichimba kitu hukikuti pale ulipotarajia. Kulenga vibaya hakuishii kwenye maumivu ya mgongo. Dhahabu ni laini. Ukingo wa koleo ukiipiga pete mara moja unaipinda. Jiwe lililoshikwa na vikucha vyembamba laweza kung'oka hapo hapo, na jiwe halina chuma: likishatoka kwenye pete, ditekta hailioni tena. Kwenye ua wa watu, nyasi ulizokata ovyo zinakauka na mwenye nyumba hakuiti mara ya pili.

Koili ina kitovu chake

Kabla ya kutafuta kitovu cha mlio, jua kwanza kitovu cha koili, ile sahani ya chini. Koili za ditekta za mkononi ziko za namna mbili hasa. Ya kwanza ni duara ndani ya duara: waya unaopeleka nguvu uko nje, unaopokea uko ndani. Uga wake wa sumaku unashuka ardhini kama funeli, mpana juu na mwembamba chini, na kitovu chake ni nukta moja katikati. Ya pili ni DD, yaani waya mbili zenye umbo la herufi D zilizolaliana kwenye migongo yao iliyonyooka. Hii ndiyo utakayoikuta kwenye mashine nyingi za siku hizi. Pale zinapolaliana pana ukanda mwembamba unaotoka ncha ya mbele hadi nyuma ya koili, na uga wake unakata ardhi kama panga lililosimamishwa.

Tofauti hii ndiyo inayowapoteza wengi. Kushoto na kulia, DD inakuonyesha mahali barabara, kwa kiasi cha upana wa vidole viwili au vitatu. Mbele na nyuma haisemi kweli: kitu kikiwa popote kwenye ule ukanda, ambao kwa koili ya inchi 11 ni kama sentimita 28, mlio unakaribia kuwa ule ule. Mwenye DD akisikia mlio safi akachimba katikati ya koili, kitu huenda kiko sentimita 14 hivi mbele yake.

Jipimie mwenyewe nyumbani, nusu saa inatosha. Usifanye sebuleni, maana sakafu nyingi zina BRC, ule wavu wa chuma, ndani ya zege na mashine itasikia sakafu badala ya sarafu. Toka nje, kaa mbali na grili na ukuta wa mabati, angalau mita 2. Weka koili juu ya stuli ya plastiki, uso wake wa chini uelekee juu. Chukua sarafu ambayo sumaku haiidaki. Shilingi mpya ya 2018 ni chuma kilichopakwa nikeli, haifai kwa kazi hii. Pete ya kawaida au kipande cha shaba ni bora zaidi. Kibandike kwa selotepu kwenye ncha ya mwiko wa ugali ili mkono wako, saa yako na bangili viwe mbali.

Bonyeza kitufe cha kulenga, kile kilichoandikwa Pinpoint au chenye alama ya shabaha, kisha pitisha mwiko polepole juu ya koili kutoka kushoto kwenda kulia, sentimita 5 kutoka usoni. Pale sauti inapokuwa kubwa kabisa, tia alama kwa chaki. Rudia kutoka mbele kwenda nyuma. Rudia tena kwa sentimita 10, halafu 15. Koili ya duara itakupa nukta; ya DD itakupa mstari. Kwenye mstari huo tafuta kitu kimoja zaidi: pale kwenye ncha ya mbele ambapo sauti inakatika. Kwa mashine nyingine inakatika ukingoni kabisa, kwa nyingine sentimita 1 au 2 ndani ya ukingo. Alama hiyo iandike juu ya koili kwa kalamu ya wino usiofutika, upande unaouona ukiwa umesimama. Utaitumia kila siku.

Kutoka mlio hadi nukta

Tuseme uko Nyali, mchanga mkavu, umepitisha koili kama kawaida na mlio umetoka. Usiguse kitufe bado. Fupisha kwanza mpito wa koili hadi uwe kama sentimita 30, ukienda na kurudi juu ya mlio, na upunguze mwendo. Mashine inahitaji muda mdogo wa kuchakata kile ilichokiona, kwa hiyo ukipitisha koili haraka sauti inatoka wakati koili imekwisha kupita. Ukitokea kushoto, mlio utausikia umesogea kulia. Ukitokea kulia, utausikia umesogea kushoto. Kitu kiko katikati ya hizo mbili. Ukienda mwendo wa pole, sekunde moja na nusu hivi kila mpito, zile alama mbili zinakaribiana hadi kuwa moja.

Jicho lako likamate kitu kilicho chini pale sauti inapotoka: gamba la chaza, jani la mvinje, kokoto. Usikumbuke kwa kukadiria, kumbuka kwa alama. Chora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, ukielekea mbele yako. Sasa zunguka kitu robo ya duara, usimame ubavuni mwa pale ulipokuwa, upitishe tena vile vile na uchore mstari wa pili. Mistari miwili inakatana kama msalaba, na penye makutano ndipo pa kuanzia. Kwa DD msalaba huu hauna mbadala. Mstari wa kwanza ni panga moja, wa pili ni panga lingine, na kitu kinakaa pale mapanga yanapokatana. Wako wanaosema wameuzoea mkono wao na hawana haja ya kuzunguka. Zunguka. Hatua mbili hazimchoshi mtu, shimo la pili ndilo linalochosha.

Baada ya msalaba ndipo kitufe kinapokuwa na maana. Katika hali ya kawaida koili lazima iwe inatembea ndipo ilie. Katika hali ya kulenga inalia hata ikiwa imesimama, na sauti inapanda kadiri unavyokaribia. Lakini tazama jambo hili kwa karibu, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Dakika unapobonyeza kitufe, mashine inachukua chochote kilicho chini ya koili wakati huo na kukihesabu kuwa sifuri. Ukibonyeza ukiwa juu ya pete, pete yenyewe imekuwa sifuri. Mashine itanyamaza pale ilipo pete, au italia kidogo tu, na wewe utaanza kuhangaika huku na huko ukidhani kitu kimehama. Kwa hiyo sogeza koili pembeni, sentimita 30 au 40 kutoka kwenye msalaba, mahali ulipokwisha kuhakikisha hapana mlio. Ishushe hadi kimo kile kile utakachofanyia kazi, sentimita 2 juu ya mchanga. Bonyeza hapo. Halafu irudishe juu ya msalaba bila kuinua wala kushusha.

Ukibonyeza ukiwa umeinua koili hewani kisha ukaishusha, ardhi yenyewe itakuwa tofauti na sifuri yako na sauti itakuja kila mahali. Kwenye mchanga mweupe wa matumbawe kosa hili halionekani sana. Kwenye udongo mwekundu wa upande wa Likoni kuelekea Kwale, wenye oksidi nyingi za chuma, linaonekana mara moja.

Koili ikiwa juu ya msalaba, isogeze kushoto na kulia hadi upate kilele cha sauti, uisimamishe kwenye kilele hicho, kisha mbele na nyuma. Kama sauti imetanda upana wa koili nzima, kitu ni kikubwa au kiko karibu sana na uso. Hapo tumia ile hila ya kubana: sogea hadi pale sauti inapoanza kupanda, si katikati, achia kitufe na ubonyeze tena. Sehemu ile ya pembeni imekuwa sifuri, kilichobaki ni kilele tu, nacho kimekuwa chembamba. Ukitaka, bana mara ya pili. Mara ya tatu huwa imezidi, unaanza kukipoteza kilele chenyewe.

Usikishikilie kitufe muda mrefu. Sifuri ile inasogea taratibu yenyewe, hasa mashine ikiwa imetoka kivulini kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia jua la saa saba. Sekunde 5 hadi 10, achia, nenda pembeni, bonyeza upya. Mashine ikae nje robo saa ipate joto la mahali kabla hujaitegemea.

Kwa wenye DD ipo njia nyingine isiyohitaji kitufe, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote kwenye takataka nyingi. Ukiwa katika hali ya kawaida, tikisa koili kushoto na kulia kwa sentimita 10 tu juu ya mlio, huku ukiivuta polepole kuja kwako. Mlio utaendelea, utaendelea, kisha utakatika ghafla. Ulipokatika, kitu kiko chini ya ile alama uliyoiandika kwenye ncha ya mbele. Tia hapo kijiti. Faida yake ni kwamba uchujaji wa mashine, yaani kuvinyamazia vyuma usivyovitaka, bado unafanya kazi. Ukiwa katika hali ya kulenga, mashine nyingi hazichuji chochote: zinapokea chuma cha kila namna, na kama karibu na pete pana msumari mkubwa, kilele utakachokifuata ni cha msumari. Unachimba, unatoa msumari, unasema mashine imekudanganya, unaondoka. Pete imebaki kiganja kimoja pembeni.

Alama yenyewe iwe ya kijiti chembamba. Cha mwarobaini kinafaa, kinasimama wima na hakivunjiki. Koili nyingi zina tundu au uwazi katikati, unakichomeka humo humo bila kuisogeza mashine.

Vitu vinavyodanganya

Sarafu iliyosimama kwa ukingo ndiyo ya kwanza. Nguvu ya sumaku inashuka wima katikati ya koili, na ili sarafu ijibu, nguvu hiyo lazima ipenye kwenye uso wake. Sarafu ikiwa imesimama, koili iliyo juu yake kabisa inapitisha nguvu sambamba na uso, karibu isijibu. Inajibu koili ikiwa upande huu au ule, ambako nguvu imelala. Utasikia milio miwili na kimya kidogo katikati. Wengi wanachimba kwenye mlio wenye nguvu zaidi. Ukweli uko pale penye kimya. Pete nayo huweza kusimama hivi, hasa mchanga ukiwa mlaini.

Msumari mrefu uliolala nao hutoa milio miwili, mmoja kila mwisho, kwa hiyo usiuchukulie kuwa pete iliyosimama kabla hujazunguka. Ukienda robo duara, milio ya msumari inabadilika sana: inakuwa mmoja, inakatikakatika, au inapotea. Mlio wa sarafu iliyolala unabaki vile vile kila upande unaotokea. Hii ndiyo sababu nyingine ya msalaba. Huo huo unaokupa mahali unakupa pia dalili ya kitu chenyewe.

Kuna kina. Kipimo cha kina kwenye skrini kimepangwa kwa kitu chenye ukubwa wa sarafu. Mkebe wa soda ulio sentimita 35 utasomeka kama sarafu iliyo sentimita 12, na herini ndogo iliyo karibu itasomeka kama iko mbali. Usikiamini peke yake. Inua koili sentimita 15 hadi 20 juu ya kijiti na upitishe tena: mlio wa sarafu au pete utakufa, wa mkebe au kipande cha bati utaendelea kama hakuna kilichotokea. Tabu ni kwamba dhahabu inasomeka kwenye skrini kwa namba zile zile za karatasi ya pakiti ya sigara na vile vishikio vya kufungulia mikebe. Aliyekwambia kuna namba ya dhahabu peke yake hakukwambia kweli. Ukitafuta pete ya mtu, chimba vyote vilivyo katika safu hiyo, na ndiyo maana mashimo yawe madogo.

Mteremko nao una lake, na sijui kwa nini haufundishwi. Koili haijui juu wala chini ya dunia. Inaona kitu kilicho wima kwa uso wake yenyewe. Ufuo ukiwa na mteremko wa digrii 10 na koili ikiufuata, kitu kilicho sentimita 20 chini hakiko wima chini ya kijiti chako. Kimesogea sentimita 3 na nusu hivi, upande wa kupandia. Kwa hiyo chimba wima kwa uso wa mchanga, usifuate uzi wa timazi. Kwa pete ya juu juu haidhuru. Kwa iliyozama ni tofauti ya kuipata na kuipiga kwa koleo.

Halafu kuna vyuma vyako mwenyewe: koleo uliloliweka chini karibu na mguu, viatu vya usalama vyenye chuma kwenye vidole, funguo, simu. Simu iwe mkobani au ibaki kwa mwenzako. Na mkiwa wawili wenye mashine zenye masafa yale yale, achaneni mita 10 au zaidi, la sivyo kila mmoja atausikia mwenzake.

Mchanga wa chumvi

Mchanga mkavu wa Mombasa ni rahisi. Umetokana kwa sehemu kubwa na matumbawe na makombe, hauna chuma cha kusumbua. Tabu inaanza unapovuka kuingia mchanga uliolowa. Maji ya bahari yanapitisha umeme, na ditekta inaona ufuo mzima kama kitu kimoja kikubwa chenye kulia. Weka hali ya ufuoni kama mashine inayo, sawazisha ardhi upya, yaani ifanye mashine iizoee ardhi ya hapo, ukiwa pale pale kwenye majimaji, na punguza usikivu hadi kelele zikome ukiwa unapita mahali patupu. Mashine zenye masafa mengi kwa wakati mmoja zinalinganisha masafa hayo na kuitoa chumvi, hivyo zinatulia zaidi ya zenye masafa moja. Zile za mapigo zinafanya kwa namna nyingine: zinapiga nguvu, zinakaa kimya sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha zinasikiliza, jibu la chumvi limekwisha kufa, la chuma bado lipo. Lakini za mapigo kwa kawaida hazichuji, utachimba kila msumari.

Kwenye mchanga wa chumvi usiinue koili mwisho wa mpito. Kubadilika kwa kimo kunatoa mlio wa uongo, na mlio huo utauona kama kitu. Mstari wa kwanza wa msalaba upitishe sambamba na maji, ambako unyevu ni ule ule. Wa pili, unaokwenda kutoka pakavu hadi majini, upitishe kwa pole zaidi maana unyevu unabadilika njiani.

Chagua maji. Pwani yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo ufuo wa Bamburi unajifunua hadi mbali. Anza saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yakishuka. Maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, hayakufunulii kitu, na ukianza maji yamekwisha geuka, shimo litajaa kabla hujalimaliza. Pete iliyoanguka kwenye mchanga mbichi haikai ilipo: dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, kila wimbi linalotikisa mchanga linaizamisha kidogo hadi ikutane na tabaka gumu. Ikipotea leo, itafutwe leo. Miezi ya kusi, mchanga unavyosombwa na kurundikwa, siku mbili ni nyingi.

Ukiwa majini hadi magotini, kijiti hakikai. Tumia mguu. Ivute koili kuja kwako hadi mlio ukatike, kisha weka kidole kikubwa cha mguu kwenye ukingo wa mbele wa koili, pale kwenye alama yako, ukikanyage mchanga. Ondoa koili, chomeka koleo la matundu mbele ya kidole, sentimita 10 zaidi, ulilaze na kuinua. Mguu usiuondoe mpaka uhakikishe kitu kimo koleoni. Ukiuondoa umepoteza alama, unaanza upya.

Ndani ya shimo

Kijiti kimesimama. Kwenye nyasi, kata mduara wa sentimita 15 kukizunguka, uache upande mmoja bila kukata ili bonge ligeuke kama kifuniko cha bawaba na mizizi ibaki hai. Kisu kiingie kwa kuinama kuelekea nje. Udongo unaotoka uweke juu ya gunia, usiutupe nyasini. Kwenye mchanga, anza sentimita 10 kutoka kijiti na uingie chini yake, usichome juu yake.

Sasa ile pinpointa, kijiti cha mkononi chenye kutetemeka. Sarafu huisikia ikiwa kati ya sentimita 3 na 8 tu, kwa hiyo haichukui nafasi ya koili, inamalizia kazi. Iwashe mbali na chuma, na kwenye udongo mwekundu au mchanga wa chumvi iwashe ncha yake ikiwa imegusa ukuta wa shimo, ndipo iichukue ardhi kuwa sifuri. Pete iliyo kidoleni mwako itaifanya ilie, ivue au tumia mkono mwingine. Ikianza kulia upana wote wa shimo, izime na uiwashe tena ikiwa hapo hapo, itabana kama koili ilivyobana.

Kama shimo liko kimya, usiongeze kina bado. Pitisha koili juu ya shimo, kisha juu ya gunia, kisha juu ya bonge la nyasi. Utajua kitu kiko wapi kati ya hivyo vitatu. Mara nyingi kimo kwenye bonge. Kama ni kwenye gunia, laza mashine chini, weka koili kwa ubavu, uchukue udongo ngumi moja moja na kuupitisha mbele yake. Ngumi inayolia ndiyo yenye kitu, igawe mara mbili, upitishe tena. Kwa mchanga wa bahari ngumi nayo inaweza kulia kwa chumvi, hapo chekeche ni bora.

Na kama kila mahali ni kimya wakati mwanzo palilia vizuri, sababu ni chache. Huenda ilikuwa chuma kilichooza: kutu ilikuwa imeenea kwenye udongo uliokizunguka na kukifanya kionekane kikubwa, na ulipochimba umeitawanya. Huenda sarafu iliyokuwa imelala imesimama. Au imeporomoka kutoka ukutani hadi chini ya shimo. Papasa kuta kwa ubavu wa pinpointa, si kwa ncha, kisha sakafu.

Ukiona vigae vya chungu, shanga au sarafu za zamani, acha. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inavilinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na kuvichimba kunahitaji leseni. Funika, waeleze watu wa Makumbusho pale Fort Jesus. Maeneo kama Jumba la Mtwana usiende na ditekta kabisa. Kikiwa risasi au kitu chenye umbo la bomu, usikiguse, rudi nyuma na uwaite polisi.

Kazi nyingine inayotaka ulengaji huu huu ni bikoni ya ploti, ile alama ya mpaka wa kiwanja, iliyofunikwa na udongo, huko Kisauni, Mtwapa, kila mahali. Kosa lake ni moja na linarudiwa kila siku: mtu anaacha uchujaji ukiwa umekata chuma cha namna ya msumari, ilhali bikoni yenyewe ni kipande cha chuma hicho hicho kwenye zege. Anaipita juu mara kumi. Ondoa uchujaji wote, anza na kipimo cha ramani ili uwe ndani ya mita 2, na usafishe misumari ya juu kwanza kwa sumaku. Chuma kilichosimama wima kinatoa kilele kimoja kikali, kisichobadilika ukikizunguka. Ukikipata fukua kichwa tu, kwa mkono, bila kukitikisa, kisha mwite sarveya. Bikoni iliyosogea hata sentimita 5 si bikoni tena, ni ugomvi wa majirani.

Kabla ya kufukia shimo lolote lile, pitisha koili mara moja zaidi. Mkufu hukatika vipande, na herini ziko mbili.